Chuma Kisichoogopa Moto

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Watu wakitaka kumsifu mtu mkakamavu husema ana moyo wa chuma. Sina ugomvi na waliotunga msemo huo, ila nadhani hawakuwahi kukaanga viazi kwa makaa ya mathenge. Hapa Garsen, chuma ndicho cha kwanza kushindwa. Jiko jipya likiletwa kutoka sokoni huwa limenyooka na kupendeza. Baada ya wiki sita tu, ule wavu unaobeba makaa huwa umebonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholaliwa na mtu mnene, na ukiugusa kwa kijiti unadondosha magamba meusi. Mwezi wa pili ukiisha, wavu umekatika. Basi ni kurudi kwa fundi, mfuko nao unalia.

Katika makala haya nataka kueleza kwa nini mambo huwa hivyo, na kwamba ipo aina ya chuma ambayo moto wa jikoni kwake ni kama jua la asubuhi. Chuma hicho hakiko mbali kama nilivyodhani. Kimo ndani ya malori yanayopita hapa kwetu yakielekea Lamu, na kimo ndani ya mashine za kuvuta maji katika mashamba ya kandokando ya Mto Tana. Tunapishana nacho kila siku bila hata salamu.

Kabla sijasonga mbele, neno moja kwa wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili. Chuma kilichotiwa kaboni kidogo kikawa kigumu huitwa chuma cha pua. Pua hii si ile ya kunusia! Ni jina la chuma kigumu, na nduguye ni feleji, neno ambalo wazee walilitumia wakisifu panga bora. Kile kisichoshika kutu, mtaani huitwa stenlesi, na ndilo neno nitakalolitumia, kwa maana ukiingia dukani hapa mjini ukaomba feleji utaonyeshwa mlango. Tusidhani pia kwamba pwani yetu imejuana na chuma jana au juzi. Mwanajiografia Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aliwaandika watu wa Malindi kuwa wachimbaji na wauzaji wa chuma. Kwa hiyo habari hii ni yetu pia.

Sasa nieleze jinsi nilivyoingia katika mambo haya. Mama yangu ana kibanda cha chakula karibu na steji. Huwauzia abiria wa mabasi viazi karai, mandazi na chai. Kibanda hicho ndicho karo yangu, ndicho unga wa nyumbani, na ndicho daftari za wadogo zangu wawili. Anapikia jiko kubwa lililotengenezwa kwa bati la pipa na nondo. Juu yake kuna mafiga matatu ya chuma, na juu ya mafiga hukaa karai lenye mafuta lita tano hivi.

Jioni moja mwaka jana, wateja wakiwa wamejaa, figa moja lilikunjika. Halikulia wala halikutoa onyo. Lilikunjika polepole kama mshumaa uliowekwa juani, karai likainama, mafuta yakamwagika nusu kwenye makaa na nusu kwenye mguu wa mama. Moto uliruka hadi kwenye makuti. Mdogo wangu wa miaka mitano alikuwa ameondoka pale dakika ile ile kwenda kuleta sukari. Majirani walizima moto kwa mchanga, mama akapelekwa kutibiwa, na kibanda kikafungwa siku kumi na nane. Katika siku hizo nilijua maana ya kulala bila kuuliza chakula kiko wapi.

Mama alipopona alisema, "Ni bahati mbaya tu, mwanangu." Mimi nilikuwa nina swali. Kitabu cha kemia kinasema chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi. Jiko la makaa halifiki huko hata ukilipepea mpaka mkono ukatike. Mbona basi figa likakunjika?

Nilimwuliza mwalimu wa kemia, naye akanijibu kwamba chuma hakingoji kuyeyuka ndipo kishindwe. Motoni kina maadui wawili. Adui wa kwanza ni udhaifu. Kadiri kinavyopata moto ndivyo kinavyolegea. Kikifika nyuzi 600 hivi, wakati kinapoanza kuwa na wekundu hafifu, chuma cha kawaida hubaki na karibu nusu tu ya nguvu zake. Halafu, hata mzigo ambacho kingeubeba kwa dakika moja bila taabu, kikiubeba saa baada ya saa kwenye moto huo kinaendelea kuvutika kidogo kidogo. Leo unywele mmoja, kesho unywele mwingine, na siku ya arubaini karai linainama. Ndiyo maana figa letu halikutoa onyo. Lilikuwa likikunjika tangu siku ya kwanza, ila macho yetu hayakuliona.

Adui wa pili ni hewa yenyewe. Chuma kikipata moto hushikana na oksijeni na kufanya oksaidi, yaani yale magamba meusi. Kupita nyuzi 570 hivi, magamba hayo hukua kwa kasi zaidi. Tena hayashikamani vizuri na chuma. Jiko likipoa usiku, magamba na chuma havinywei kwa kipimo kimoja, kwa hiyo magamba hupasuka na kubambuka kama ngozi ya kenge. Asubuhi moto unawashwa tena na kukuta chuma kitupu kisicho na kinga, nacho kinaanza kuliwa upya. Niliokota kipande cha nondo ya wavu wetu wa zamani nikakipima kwa kalipa ya maabara. Iliponunuliwa ilikuwa na unene wa milimita 10. Pale pembamba zaidi ilibaki milimita 6. Zile nne zilikuwa zimeliwa na moto na kutupwa pamoja na majivu!

"Je, kuna chuma kisicholiwa?" nikauliza.

Mwalimu akacheka. "Kipo. Nenda gereji ukatazame ndani ya injini. Kila mara inapowaka, kuna kitu pale kinaogeshwa kwa moto, na kinakaa miaka."

Jumamosi nilikwenda. Vijana waliokuwa chini ya lori walianza, "Aah, msichana na gereji wapi na wapi?" Fundi mkuu, mzee wa makamo mwenye asili ya Malindi, akawakemea. "Mwacheni. Spana haiulizi nani kaishika."

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutafuta nini?"

Nikamweleza habari za figa na karai. Hakusema neno. Alichukua kitambaa, akafuta valvu mbili alizokuwa amezitoa kwenye injini ya lori, akanitilia mkononi. Zilifanana kama uyoga wawili wa chuma, kila moja na kichwa bapa na mguu mrefu mwembamba. Akaniambia moja ni ya kuingiza hewa na nyingine ni ya kutolea moshi.

"Waona tofauti?"

"Sioni, ami, ila moja ina kichwa kikubwa."

Basi akaleta sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa. Akaisogeza kwenye valvu ya kuingiza hewa. Kap! Ikanasa. Akaisogeza kwenye kichwa cha valvu ya moshi. Kimya. Sumaku iliteleza kana kwamba imegusa mti. Akaishusha hadi chini ya mguu wa valvu ile ile. Kap! Nilipigwa na butwaa.

"Hiyo ni vyuma viwili vilivyounganishwa kiwandani," akasema. "Kichwa kinakaa motoni, kwa hiyo wamekipa chuma cha moto. Mguu haukai motoni sana, wamekipa chuma cha kawaida. Wazungu si wajinga wa pesa, bwana."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo kiini cha makala haya, nami nitayarudia baadaye. Kwanza tuielewe kazi ya valvu hiyo. Injini ya lori ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, valvu ya moshi hufunguka mara 1,000 kwa dakika hiyo hiyo, yaani zaidi ya mara kumi na sita kwa sekunde. Kila inapofunguka hupitiwa na gesi iliyotoka kuungua, na kichwa chake chaweza kufikia nyuzi 700 na zaidi. Halafu kinagongwa kwenye kiti chake, tena na tena, kutoka Mombasa hadi Lamu. Figa la mama lingedumu humo dakika ngapi?

Chuma kinachotumiwa sana kwa vichwa vya valvu za namna hiyo kina kromi asilimia 21 hivi, manganizi 9, nikeli 4, na naitrojeni kidogo. Ni mmoja wa ukoo mkubwa wa vyuma viitwavyo vya austeniti. Jina hilo limetokana na Mwingereza William Chandler Roberts-Austen, mtaalamu wa madini aliyefariki mwaka 1902. Sasa nijaribu kueleza austeniti ni nini bila kumtisha mtu wa Kidato cha Kwanza.

Atomu za chuma zimejipanga kama watu katika jengo, hazikukaa ovyo. Chuma kitupu kikiwa baridi, fikiria kisanduku chenye atomu moja katika kila pembe na atomu moja katikati. Kikipashwa moto hadi nyuzi 912, atomu hujipanga upya. Ile ya katikati huondoka, na badala yake kila ubavu wa kisanduku hupata atomu yake. Mpangilio huu wa pili ndio austeniti, nao umebanana kuliko ule wa kwanza. Chuma cha kawaida kikipoa hurudi mpangilio wa zamani. Lakini ukitia nikeli ya kutosha, au manganizi na naitrojeni, chuma hubaki katika ule mpangilio uliobanana hata kikiwa baridi kabisa mkononi mwako.

Faida ni nini? Wewe uliyewahi kupanda basi la Garsen siku ya kufunga shule unajua jibu. Basi likiwa na nafasi, watu husogea na kubadilishana viti. Wakibanana, hata kuinua mkono ni taabu. Vivyo hivyo, atomu zilizobanana huhama kwa shida, na kwa kuwa hazihami, chuma hakivutiki upesi kikibeba mzigo motoni. Adui wa kwanza amepunguzwa makali. Tena mpangilio huo haushikwi na sumaku, na ndiyo siri ya ule mchezo wa fundi.

Adui wa pili ni kazi ya kromi. Chuma kikiwa na kromi kuanzia asilimia 10.5 hivi, kromi hiyo huwahi oksijeni kabla ya chuma kuliwa, ikafanya utando wa oksaidi mwembamba mno usioonekana kwa macho. Utando huu haubambuki upesi kama magamba ya nondo. Umeshikamana na chuma kama rangi ya kucha. Ukikwaruzwa, kromi iliyo chini hukutana na hewa na kuushona papo hapo. Kwa hiyo tofauti ya vyuma hivi viwili si kwamba kimoja huungua na kingine hakiungui. Vyote viwili hushikana na oksijeni. Ila kimoja kikiungua hupata kidonda, na kingine hupata ngozi.

Ukoo huu wa stenlesi una zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1912, katika kiwanda cha Krupp mjini Essen, Ujerumani, Benno Strauss na Eduard Maurer walikuwa wakishughulikia vyuma vyenye kromi na nikeli, na kutokana na kazi yao ukazaliwa mstari wa austeniti. Mwaka 1913 huko Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alipata chuma cha kromi bila nikeli. Alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika kwa joto la risasi, akaambulia chuma cha visu. Kweli, mtafutaji hachoki, na akichoka kesha pata!

Leo vyuma hivi hutambuliwa kwa namba. Namba 304 ndiyo ya kawaida zaidi: kromi asilimia 18 hivi na nikeli 8. Katika hewa safi huvumilia hadi nyuzi 900 hivi bila magamba ya kutisha. Namba 321 hufanana nayo ila imetiwa titani, nami nitaeleza sababu. Namba 309 ina kromi 22 hadi 24 na nikeli 12 hadi 15. Bingwa wao ni namba 310, yenye kromi kama 25 na nikeli kama 20, ambayo huvumilia karibu nyuzi 1100. Kwa vyuma hivi hutengenezwa vikapu vya kutumbukizia vifaa katika tanuri za viwandani, ala za kufunikia vipimajoto, minyororo inayokatiza ndani ya tanuri, na vishikio vya mabomba katika tanuri za kusafishia mafuta. Hapa kwetu Kenya kiwanda cha kusafisha mafuta kilikuwa Changamwe, Mombasa. Kilianza kazi mwaka 1963 na kikaacha kusafisha mafuta mwaka 2013.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa saruji. Ili saruji ipatikane, mawe na udongo lazima vichomwe hadi nyuzi 1450 hivi ndani ya pipa refu linalozunguka. Hata bingwa 310 hawezi kukaa humo. Basi waashi huweka matofali ya kuzuia moto kwa ndani, na katika sehemu nyingi za tanuri vijino vya stenlesi isiyoogopa moto hushikilia ule udongo mgumu usianguke. Udongo unazuia moto, stenlesi inaushika udongo, na chuma cha kawaida kinabeba uzito nje kwenye ubaridi. Kila mmoja na kazi yake, kama mashua yenye nahodha, mpiga kasia na mtoa maji.

Hapo ndipo nikakumbuka maneno ya fundi kuhusu kichwa na mguu wa valvu. Stenlesi ni ghali kwa sababu nikeli ni ghali. Kromi nyingi ya dunia hutoka Afrika Kusini, na nikeli nayo imelala hapa jirani, Kabanga katika wilaya ya Ngara nchini Tanzania, lakini mpaka madini hayo yafike kwetu yakiwa nondo yanakuwa yamezunguka bahari. Mtu akitaka jiko zima la stenlesi atauza mbuzi wawili. Je, ni lazima liwe zima? Ni sehemu gani ya jiko la mama inayokaa motoni kama kichwa cha valvu? Ni nondo za wavu na vichwa vya mafiga, basi! Mwili wote uliobaki waweza kuwa bati la pipa, mradi ndani ukingwe kwa udongo.

Wazo la udongo si langu. Miaka ya 1980 wataalamu na mafundi wa jua kali nchini Kenya waliunda lile jiko lenye kiuno chembamba, chuma nje na kikombe cha udongo uliochomwa ndani, wakiiga mfano kutoka Thailand. Wengi wetu tunalo nyumbani. Lakini kikombe cha kutosha karai la biashara hatukukipata hapa mjini, kwa hiyo ilitubidi tujitafutie.

Nilimpelekea fundi mchoro wangu. Aliutazama, akaugeuza juu chini, akauliza, "Ukubwa huu ni wa kweli au wa shuleni?" Nikamwambia nimepima kwa rula. Alikuwa na nondo za stenlesi zilizotoka katika rafu chakavu ya jikoni ya hoteli moja, nondo nzima za milimita 10 na si mabomba. Aliipitisha sumaku, haikunasa. Halafu akafanya jaribio la pili, maana sumaku peke yake inaweza kukudanganya. Zipo stenlesi za bei rahisi zenye manganizi nyingi ambazo pia hazinaswi, na zipo za austeniti zilizokunjwa kwa nguvu zikashikwa na sumaku kidogo. Alisaga ncha kwenye jiwe la umeme. Nondo ya kawaida ilitoa cheche ndefu nyeupe zilizopasuka kama fataki. Ya stenlesi ilitoa cheche chache, fupi, nyekundu. "Hii yafanana na 304," akasema, "ila cheti chake sina, kwa hiyo tutauacha moto useme."

Akachomelea nondo saba kwenye pete ya chuma cha kawaida. Kwa kuunganisha vyuma viwili tofauti alitumia vijiti vya kuchomelea namba 309, vyenye kromi na nikeli ya ziada, ili mchanganyiko pale kwenye kiungo usiwe dhaifu. Mama akapika siku tatu. Siku ya nne nondo zikawa zimepinda kwenda juu kama mgongo wa paka aliyeona mbwa.

Majirani hawakuniacha. "Hicho ndicho chuma cha kitabuni?" Nikakaa na daftari ya fizikia. Austeniti hutanuka motoni kuliko chuma cha kawaida. Kwa kila milimita moja na kila nyuzi moja ya joto, hutanuka kama sehemu 18 katika milioni, na kile cha kawaida kama 12 hadi 14. Nondo yetu ina milimita 300. Ikipanda joto kwa nyuzi 800, hesabu ni 300 mara 18 mara 800, gawanya kwa milioni. Jibu ni milimita 4.3. Ile pete ya nje haikuwa na moto kiasi hicho, kwa hiyo haikutanuka vile. Nondo zilitaka nafasi zikaikosa, zikaitafuta juu. Fundi alipoiona hesabu alikata ncha moja ya kila nondo, akaziacha zikae katika vijia vya wazi vyenye nafasi ya milimita sita. Toka siku hiyo nondo hutembea zikipata moto na kurudi zikipoa.

Vichwa vya mafiga navyo akavifanya vya stenlesi, miguu ikabaki nondo ya kawaida, sawasawa na valvu. Kwa ndani tulikandika udongo wa kando ya mto. Umepasuka mara mbili, tukauziba.

Sasa hesabu ya mfuko. Wavu na mafiga ya kawaida yalikuwa yakimgharimu mama shilingi 450 kila baada ya wiki nane hivi, ambayo ni kama shilingi 2,700 kwa mwaka. Vya stenlesi, pamoja na ufundi, vilikuwa shilingi 2,200. Leo ni mwezi wa kumi na havijabadilishwa. Nilipozipima kwa kalipa, nondo iliyoliwa zaidi ilikuwa milimita 9.7. Lakini akiba ya shilingi mia tano si kitu ukiilinganisha na siku kumi na nane za kibanda kufungwa, wala na mguu wa mama.

Nisikudanganye, mpenzi msomaji, kwamba chuma hiki hakifi. Kikikaa muda mrefu kati ya nyuzi 425 na 850 hivi, kaboni iliyomo huweza kuinyakua kromi na kuiacha mipaka ya chembe za chuma bila kinga. Ndiyo sababu 321 hutiwa titani, maana titani huikamata kaboni kwanza. Stenlesi nyingine zikikaa sana kwenye moto wa nyuzi 600 hadi 900 huwa kavu na kuvunjika kirahisi zikipoa, kwa hiyo usipige wavu wako nyundo asubuhi ili kukung'uta majivu. Chumvi nayo huushambulia ule utando, basi maji ya chumvi ya viazi yasimwagwe jikoni.

Na tahadhari tatu kwa wale watakaokimbilia vyuma chakavu. Usiweke motoni bomba lililozibwa ncha zote mbili, kwa kuwa hewa na unyevu ndani yake vitalipasua kama bomu. Usitumie chuma kilichopakwa zinki, kwani mvuke wake huleta homa na ni sumu. Na anayechomelea stenlesi afanye kazi mahali penye hewa nyingi, asivute moshi wake, maana kromi iliyomo kwenye moshi huo hudhuru mapafu.

Fundi amepata kazi nyingine mbili za namna hii tangu wakati ule, moja ya mama anayechoma samaki na moja ya mzee wa chapati. Mama yangu hataki kusikia habari za austeniti. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto hupitisha rula ya mdogo wangu juu ya mafiga matatu kutazama kama yako sawa, halafu hutia makaa. Mwaka ujao, nikiwa Kidato cha Nne, nitazipima nondo zile zile kwa kalipa ile ile, na vipimo nitavileta katika kurasa hizi. Nawe ukipita gereji yoyote, omba valvu kuukuu. Sumaku ya spika iliyokufa haina bei.